Kutu kwenye Kichwa cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Lazima mambo haya yaandikwe. Siku moja watu wataniuliza nilijuaje, nami nitawaonyesha.

Jana kulikuwa na mkutano wa Chama cha Reli Ndogo, sisi tunaotengeneza treni za mfano. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno, alitangaza kwamba maonyesho ya Jumamosi hii kwenye ukumbi wa maktaba yatakuwa na tuzo moja tu: kichwa cha treni kinachoonekana kimefanya kazi. Si kizuri. Si kipya. Kilichochoka! Chenye masizi, kutu, vumbi na michirizi ya mafuta, kiasi kwamba mtu akikitazama asikie harufu ya makaa. Watu wote walipiga makofi. Kinyozi hakupiga makofi. Kinyozi alitabasamu.

Kwa nini atabasamu?

Mwaka jana alishinda yeye. Kichwa chake kilikuwa kichafu hadi mgeni rasmi akakishika kisha akaomba maji ya kunawa. Kumbe uchafu wote ni rangi! Mkono haukuwa na doa. Tangu siku ile sijamwamini. Mtu anayeweza kudanganya macho ya watu namna ile atashindwa kudanganya nini kingine?

Mimi riziki yangu ni kusaga vioo vya miwani. Macho yangu hayapitwi na kitu.

Na mwaka huu ninacho kichwa. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alikitoa kabatini leo kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa treni ya makaa. Alipostaafu, wenzake walimpa mfano mdogo wa kichwa kile kile alichokiendesha maisha yake yote. Urefu wake kama kiatu changu. Hakijawahi kuguswa, kinang'aa kama jino la mwenyekiti. Mama mkwe akasema macho yake yanazidi kuingia ukungu, na kabla hayajafunga kabisa angependa kukiona kichwa hicho kama kilivyokuwa kikirudi jioni, si kama kilivyotoka kiwandani. (Ana mtoto wa jicho. Miwani haiondoi mtoto wa jicho. Nimejaribu.) Nikamwambia mama, umefika. Niachie mimi.

Akasema kama nina kazi nyingi, anaweza kumpa Kinyozi.

Niliweka kalamu chini hapa, nikanywa maji, nimeishika tena.

Kinyozi! Nani amemwambia mama mkwe kwamba duniani kuna Kinyozi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua kupeleleza. Lakini mtu haingii kwa kinyozi kukaa tu. Lazima anyolewe. Nywele zangu hazikuhitaji. Vita ni vita.

Duka lake lina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, benchi ambalo kila siku lina mzee mmoja anayesoma gazeti, na huko nyuma, karibu na sinki, meza. Juu ya meza kuna kitu kimefunikwa taulo. Urefu wa kiatu. Nikamwuliza kile ni nini. Akasema ni taulo. Jibu la mtu anayeficha jambo!

Kila alipogeuka kuchukua kitana nilijinyoosha kuchungulia. Mara ya kwanza nikaona gurudumu. Mara ya pili nilijinyoosha kabla hajageuka. Mashine ikapita juu ya sikio langu la kulia ikaacha njia nyeupe, nyoofu, kama imepimwa na mafundi wa reli. Kinyozi akashtuka, akaomba radhi, akasema bwana mkubwa, ukitikisika hivi nitakutoa roho. Vitisho. Tena mbele ya shahidi! Ikabidi asawazishe na upande wa pili.

Halafu, huku akinipangusa shingo, akauliza mama anaendeleaje na macho.

Nililipa nikatoka. Sijamwambia mtu yeyote habari za macho ya mama mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu kuna jasusi.

Nimewafikiria wote. Mke wangu anashona nguo za watu sebuleni, na cherehani yake hunyamaza kila ninapopita. Nimemwuliza kwa nini. Amesema kwa sababu kila nikipita nakanyaga waya unachomoka. Inawezekana. Kuna shemeji, mdogo wake, aliyekuja kwetu kutafuta kazi na hadi sasa amepata kochi. Na kuna mama mkwe mwenyewe, mwanamke mpole. Wapole ndio wa kuangalia.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimetengeneza kutu. Kutu ya kweli, si ya madukani! Nilikuwa nimeloweka waya wa kusugulia masufuria kwenye chupa ya siki tangu juzi, nikaiweka dirishani ipate jua. Harufu! Mke wangu aliuliza nani amekufa. Nikakausha ile kutu, nikaisaga na vumbi la tofali, nikaongeza masizi niliyokwangua chini ya sufuria yake kubwa. Unga ukawa mwekundu wa kahawia, laini, wa kujivunia.

Taabu ni kuugandisha. Gundi iliacha mabonge. Vanishi inang'aa, na kutu haing'ai. Nikakaa kitako, nikafikiri. Ndipo wazo likanijia lenyewe, bila msaada wa mtu. Shira! Sukari na maji kidogo, chemsha hadi ivutike. Inashika kila kitu, na ikishameza vumbi haionekani. Nani angefikiria? Si yeye!

Matokeo ni ya ajabu. Nimekitazama kwa kioo cha kukuza nikaona miaka mingi ya jasho.

Mama mkwe akaja, akakisogeza karibu na uso, akakigusa. Kidole kikaganda. Akakivuta, kikabanduka kwa sauti.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu alikuwa dereva wa treni. Hakuwa akiendesha peremende."

Kisha akaanza kunielekeza. Eti masizi hayakai kila mahali. Yanatoka kwenye bomba la moshi yanalala mgongoni, kuelekea nyuma, kwa sababu kichwa kilikuwa kikienda mbele. Eti chini ya valvu, pale mvuke ulipotokea, palikuwa na michirizi myeupe ya maji ya chumvi. Eti ngazi ya dereva haikuwa na kutu hata chembe, iling'aa, kwa sababu ndipo mguu wake ulipokanyaga kila siku akipanda na kushuka. Alieleza hayo yote macho ameyafumba. Nikamwambia asante mama, nenda kapumzike. Mtu anayeshukiwa kupeleka habari kwa adui, ushauri wake haupokelewi. Hasa ukiwa mzuri.

Mke wangu analalamika sisimizi wamezidi jikoni. Nimemwambia kila mtu na adui zake.

Alhamisi, 7 Agosti

HUJUMA!

Asubuhi nimekuta kutu imepungua. Mgongoni, pale pale nilipopaka kwa ufundi zaidi, pana kiraka kitupu, cheusi, kisafi kama kilichorambwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha niliacha wazi kidogo kwa sababu ya ile siki, lakini lina nondo. Mtu wa kupita kwenye nondo zile hajazaliwa.

Nikaitisha kikao wakati wa chai. Nikawatazama mmoja mmoja. Mke wangu akasema kama kweli kuna mwizi anayeiba uchafu, basi aelekezwe na kochi la shemeji. Mama mkwe akacheka hadi chai ikamwagika. Shemeji hakucheka. Shemeji alikuwa na vidole vya kahawia!

Nilimshika mkono nikauinua juu, wote waone. Akasema shem, ni dawa ya viatu hiyo. Kesho ana usaili hotelini, wanatafuta mtu wa kupokea wageni mlangoni. Nikamnusa kidole. Dawa ya viatu kweli. Lakini jasusi mwenye akili angepaka nini juu ya kutu ili kuificha? Dawa ya viatu. Nimemwachia kwa sasa.

Nilitoroka kazini mapema, nikaenda tena kwa Kinyozi. Akanizunguka, akanitazama kichwa, akauliza ninataka kunyolewa nini. Nikasema punguza. Akasema kaka, hapa hakuna cha kupunguza, labda nikupunguzie mawazo. Mzee wa gazeti akacheka nyuma ya gazeti lake. Nikasema punguza hivyo hivyo. Akapunguza. Taulo bado lilikuwa juu ya meza.

Sasa jambo zito. Nilipokuwa natoka akaniita. Akanipa kopo dogo lenye poda ya kahawia, laini kama vumbi la barabara. Akasema amesikia nahangaika. Tena kwa sauti ya upole! Paka kwa brashi kavu, akasema, kidogo kidogo, halafu puliza.

Puliza. Na panya je? Hafanyi hivyo hivyo? Anauma, anapuliza, unaamka huna kidole.

Amesikia kwa nani? Na lini katika historia ya dunia adui aligawa baruti yake?

Siwezi kuipaka kwenye kichwa cha baba mkwe bila majaribio. Nikatafuta kitu cha kujaribia. Mlangoni kulikuwa na viatu vya shemeji, vyeusi, vimepigwa dawa hadi unajiona sura, vinangoja kesho. Nikajaribu kidogo kwenye kisigino. Havikuwaka moto. Havikunuka. Nikajaribu zaidi ili niwe na uhakika. Kisha zaidi, kwa sababu, nisiseme uongo, ilikuwa raha.

Nimenyunyiza unga wa ngano sakafuni kuzunguka meza yangu. Atakayekuja ataacha nyayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyayo zimepatikana. Ni zangu. Nilipokwenda kukagua unga nilisahau kwamba kuna unga.

Lakini kuna kitu kingine. Mstari! Mwembamba, kama umechorwa kwa ncha ya kalamu, unatoka kwenye mguu wa meza, unapinda vizuri kwenye kona, unaishia ukutani. Nimepiga magoti nikautazama kwa muda. Hitimisho langu: uzi. Kuna mtu anakokota uzi. Sijajua unakokota nini, lakini katika nyumba hii nani anashinda na nyuzi? Mke wangu! Nimemwuliza, kama mzaha, leo amepoteza uzi wa rangi gani. Amesema amepoteza subira.

Kiraka kimekuwa viraka. Kulikuwa na sisimizi mmoja juu ya bomba la moshi. Nikamfuta. Sina muda.

Shemeji. Asubuhi alichelewa kuamka, akavaa viatu bila kuvitazama, akatoka mbio. Nilimwona kutoka dirishani akivuka barabara. Lo! Viatu vile vilikuwa vimetembea kutoka mwisho wa dunia. Vumbi kwenye mikunjo, ukavu kwenye ncha, visigino kama vimeliwa na jua. Nilitaka kumwita. Nikaona nikimwita nitaulizwa maswali. Nikaenda kazini.

Amerudi mchana, tukiwa tunakula, akiruka ngazi mbili mbili. Amepata kazi! Meneja wa hoteli, mama mmoja mkali, aliviangalia viatu kwanza, kwa muda, halafu akamwuliza ametoka wapi. Nyumbani, akasema. Kwa miguu? Shemeji akasema kweli, basi lilimwacha. Mama yule akaviangalia tena. Akasema waliomtangulia wote walikuja na viatu vinavyometa, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuitaka kazi kiasi cha kuiendea hivyo. Aanze Jumatatu. Na anunue viatu. Mke wangu akamrukia shingoni. Mama mkwe akainua mikono kuomba dua. Shemeji akanikumbatia hata mimi, hakujua kwa nini nilikuwa nimejikunja.

Kwa hiyo poda si sumu. Poda ni nzuri. Nimekaa na lile kopo mkononi nikitafakari. Ni nzuri mno! Mtu hampi mshindani wake kitu kizuri mno, ila kama yeye ana kilicho bora zaidi, au kama ndani yake kuna jambo linalongoja siku. Huenda inafifia Jumamosi. Nimelificha kopo nyuma ya kabati la nguo, nikapaka kutu yangu upya, na shira mara mbili, nene, hadi ikachuruzika ndani ya bomba la moshi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na sasa la kutisha kuliko yote. Nikirudi kutoka kununua sukari nimemwona mama mkwe akitoka kwa Kinyozi. Mama mtu mzima, mtandio kichwani, anatoka kwa kinyozi! Kinyozi amemshika mkono kumvusha barabara. Na wanacheka!

Nikangoja mama apotee kwenye kona, nikaingia. Kinyozi akasema lo, umerudi. Nikaketi kitini. Nikamwuliza mama mkwe wangu alifuata nini pale. Akasema ya mama ni ya mama. Nikasema sitoki hapa hadi niambiwe. Akasema basi, kwa kuwa umeshakaa. Nikasikia mashine inawaka.

Nimetoka bila jibu na bila unywele hata mmoja. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki sakafuni kwa adui.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekaa kuandika kabla ya kuvua viatu.

Ukumbi ulijaa. Meza ndefu, kitambaa cheupe, vichwa vyote vimepangwa mstari. Cha Kinyozi kilikuwa kichwa kifupi cha kusukumia mabehewa, kimechoka hadi unataka kukipa kiti. Cha baba mkwe niliwekewa mwisho wa meza, dirishani, juani. Mama mkwe alikaa mbele kabisa na miwani niliyomtengenezea. Wageni walipofika kwangu walitazama kichwa changu, wakatazama kichwa cha treni, wakakosa pa kuanzia.

Mgeni rasmi, mkuu wa stesheni mstaafu, mtu mrefu mwenye kofia, alipita taratibu akiinama kila hatua. Akafika kwangu. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainama tena.

"Daktari," akamwita mwenyekiti, "hii kutu inatembea."

Nilidhani ni sifa. Nilianza hata kushukuru. Kisha nikaona. Kutu ilikuwa inatoka kwenye bomba la moshi kwa foleni! Inateremka kwenye magurudumu, inavuka kitambaa cheupe, kila chembe na mzigo wake, inaingia kwenye mkono wa koti la mgeni rasmi. Shira ilikuwa imejaa tumboni mwa kichwa, sisimizi wakahamia humo na ukoo mzima, na jua likawaamsha. Mgeni rasmi akatoa sauti ambayo nadhani alijifunza kwa treni zenyewe. Daktari akapanda juu ya kiti. Kofia ikaruka. Mzee wa gazeti, ambaye sijui alialikwa na nani, akasema kwa sauti kwamba hiki ndicho kichwa cha kwanza kuja na abiria wake.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikuwatazama. Nilimtazama mama mkwe. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, amenyoosha shingo, haoni vizuri, anamwuliza kila aliye karibu naye kuna nini. Mume wangu amefanya nini? Alisema hivyo. Mume wangu amefanya nini?

Aliyekuja ni Kinyozi. Hakucheka, na angecheka nisingekuwa na la kusema. Alikiinua kichwa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akatoka nacho uani penye bomba la maji, akaniambia nimlete mama. Nikamshika mkono. Kinyozi akakiosha kwa brashi ya kupakia sabuni ya ndevu, polepole, sisimizi na shira na kutu yangu yote vikaenda na maji. Akakikausha. Kikabaki cheusi, kitupu, kipya. Akageuza ndoo, akamketisha mama mkwe juu yake, akatoa makopo mfukoni.

"Haya mama, sema kama ulivyoniambia dukani."

Ndipo mambo yakawekwa wazi. Mama mkwe amekuwa akienda kwake wiki yote. Si kumpa kichwa. Kumwomba anisaidie bila mimi kujua kwamba nasaidiwa! Alimwambia hivi: mkwe wangu ana mikono mizuri ila masikio yake yana kiburi, mtupie kitu njiani akiokote mwenyewe. Kitu chenyewe ndiyo ile poda. Kinyozi akaniuliza niliitupa? Nikasema niliihifadhi.

Mama mkwe akafumba macho, akaanza. Hapa masizi. Hapana, nyuma zaidi, yalale. Hapa chini nyeupe, nyembamba, kama chozi lililokauka. Kinyozi hakupaka. Alinipa brashi mimi. Nikapaka kidogo kidogo, nikapuliza. Vumbi likakaa pale lilipoambiwa likae. Ngazi, akasema mama, ngazi usiipake, isugue. Nikaisugua kwa kitambaa changu cha miwani hadi ikametameta.

Akafumbua macho. Akakileta karibu kabisa na pua, akakishika hivyo muda mrefu. Hata ukumbini kelele zilikuwa zimeisha, watu wamejaa mlangoni wanatazama. Akapitisha kidole gumba kwenye ngazi ile.

"Umechelewa," akasema, si kwetu. "Chakula kimepoa."

Nilikwenda kutazama ukuta kidogo.

Tuliporudi ndani mgeni rasmi, ambaye sasa alikuwa hana koti, alikitazama kwanza kutoka mbali. Namwelewa. Kisha karibu. Kisha akavua kofia akaishika kifuani. Tuzo ikaja kwetu! Alipouliza kazi ni ya nani, Kinyozi akajibu kabla yangu: ya mama na mkwe wake. Mama mkwe akanifinya nimshukuru Kinyozi. Nikamshukuru. Akasema hamna neno kaka, siku ukitaka kunyolewa, akaniangalia kichwani, akaiacha sentensi hapo.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimeamka mtu mpya. Nimeamua kutomshuku mtu yeyote. Hadi baada ya chai ya asubuhi ilikwenda vizuri.

Mke wangu alimwalika Kinyozi. Alikuja na shati lililopigwa pasi na zawadi ya mama mkwe kwenye karatasi. Dereva! Kijitu kidogo, hakishindi ncha ya kidole, amekichonga mwenyewe, ndicho kilichokuwa chini ya taulo siku zote, pamoja na kile kichwa chake kifupi. Tumbo mbele, kofia imelala sikioni, masizi hadi shingoni, vile vile alivyosimuliwa na mama. Mama mkwe akalia, akacheka, akamweka kwenye chumba cha dereva. Mke wangu naye akalia. Shemeji akampa Kinyozi kiti kizuri, ambacho ni changu. Nikasema asante kama watu wengine. Nikaisema kwa moyo.

Kinyozi alipoondoka nikakaa kutazama. Kazi nzuri. Kazi nzuri mno! Ana macho. Yana hata mboni. Na yanatazama wapi? Si mbele, kwenye reli, kama dereva mwenye akili timamu. Ametoa kichwa dirishani anatazama pembeni, moja kwa moja kwenye meza yangu, pale ninapofanyia mambo yangu.

Nimehamisha kiti. Bado ananiona.

Nikaanza kujiuliza, kwa utulivu, bila ubaya. Kwa nini mtu aache tuzo impite kwa hiari yake? Na wale sisimizi? Sisimizi hawana anwani ya mtu. Walielekezwa na nani? Na kwa nini mtu alete kijitu kiishi nyumbani kwangu, chenye macho? Nimekigeuza kitazame ukuta. Nikaenda jikoni kunywa maji. Nimerudi, kinanitazama tena!

Mama mkwe anasema ni yeye aliyekigeuza. Anasema reli ilipita nyuma ya nyumba yao ya zamani, na marehemu hakuwahi kupita hapo bila kutoa kichwa dirishani kuwaangalia watu wake. Ndiyo maana alimwomba Kinyozi amchonge hivyo. Alisema hayo kwa upole kabisa, bila hata kupepesa.

Hivyo hivyo angesema mtu aliyefundishwa.